Nani Mwenye Ufunguo wa Diski? Sheria na Mifumo ya Mafaili

Katika elimu ya kompyuta yako mambo ambayo mtumiaji hayaoni kwa macho, lakini ndiyo yanayoamua kama kazi yake ya miaka mingi itasomeka kesho au haitasomeka. Mojawapo ni mfumo wa mafaili. Mwalimu ahifadhipo matokeo ya mitihani katika flashi na kuyafungua katika mashine nyingine, hafikiri hata kidogo kwamba mashine hizo mbili zinasomana kwa sababu zinafuata kanuni moja ya kupanga habari. Wala hafikiri kwamba kanuni hiyo yaweza kuwa na mwenyewe, na kwamba mwenyewe huyo aweza kumpeleka mahakamani mtu mwingine aliyeifuata bila ruhusa.

Nakusudia kueleza jinsi jambo hilo lilivyotokea katika nchi zilizoendelea kiviwanda, na kutoa maoni yangu juu ya funzo tunalopaswa kulipata. Nauweka msimamo wangu wazi tangu mwanzo: ni haki sheria imlinde mwandishi wa programu asiibiwe maandishi yake, lakini si haki sheria imzuie mtu mwingine kuandika programu yake mwenyewe itakayosoma diski ya jirani yake.

Diski hupangwaje?

Diski, flashi au kadi ya kumbukumbu ni mfano wa ghala lenye vyumba vidogo vingi, kila chumba na namba yake. Faili kubwa halienei katika chumba kimoja, kwa hiyo hukatwa vipande. Kipande cha kwanza chaweza kuwa katika chumba cha 12, cha pili katika chumba cha 13, na cha tatu, kwa kukosa nafasi, katika chumba cha 40. Mfumo wa mafaili ni daftari la mtunza ghala: huonyesha jina la kila faili, chumba linapoanzia, na vyumba vinavyofuata.

Mfumo uitwao FAT, ulioanza mwaka 1977 katika kampuni ya Microsoft ya Marekani, ni daftari la namna hiyo kwa sura iliyo rahisi kabisa. Kuna jedwali moja ambamo kila chumba kinataja chumba kinachokifuata, na kuna orodha ya majina ambamo kila faili lina mstari mmoja wenye baiti 32. Katika mstari huo jina lilipewa nafasi ya herufi 8 tu, na herufi 3 za kuonyesha aina ya faili.

Mwaka 1995 kampuni hiyo ilipotoa Windows 95 ilitaka kuruhusu majina marefu. Lakini mamilioni ya watu walikuwa na programu za zamani zilizojua mistari mifupi tu. Wahandisi wakapata hila nzuri. Jina fupi waliliacha mahali pake, na jina refu wakaliandika katika mistari ya ziada iliyotangulia, kila mstari ukibeba herufi 13. Mistari hiyo wakaitia alama nne kwa pamoja: ya kusomwa tu, ya kufichwa, ya mfumo, na ya jina la diski. Hapana faili la kawaida lenye alama hizo zote nne, kwa hiyo programu ya zamani ilipoiona mistari hiyo iliipita bila kuigusa.

Mwanafunzi anaweza kulipima jambo hili kwa hesabu. Jina «Matokeo ya Kidato cha Nne.doc» lina herufi 29, pamoja na nafasi na nukta. Kwa kuwa kila mstari huchukua herufi 13, jina hilo linahitaji mistari 3, na juu yake mstari mmoja wa jina fupi, ambalo litakuwa kama MATOKE~1.DOC. Jumla ni mistari 4, yaani baiti 128. Hiyo ndiyo siri yote. Ni kazi ya akili, lakini mwanafunzi wa kidato cha tano aweza kuielewa kwa kipindi kimoja.

Nyua tatu za sheria

Mtu anayetaka kuandika programu ya kusoma mfumo wa mafaili wa kampuni nyingine hukutana na nyua tatu, na ni muhimu tusizichanganye.

Ua wa kwanza ni hakimiliki. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1994 juu ya haki za ubunifu katika biashara, ujulikanao kwa kifupi TRIPS, unaagiza programu za kompyuta zilindwe kama maandishi ya fasihi. Hakimiliki hulinda maneno na mpangilio wake, wala hailindi wazo lililomo. Mtu akinakili programu ya mwenziwe ameiba. Akijifunza namna inavyofanya kazi, kisha akaandika yake kwa mkono wake, hajaiba. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililifafanua jambo hili tarehe 2 Mei 2012, katika kesi baina ya SAS Institute na World Programming: kazi inayofanywa na programu, lugha yake, na muundo wa mafaili yake, kwa vyenyewe, havilindwi na hakimiliki ya programu.

Ua wa pili ni siri na mikataba. Kampuni yaweza kukataa kutangaza muundo wa diski zake, na kumfunga mnunuzi kwa leseni inayomkataza kuichambua programu. Hapa sheria za nchi mbalimbali zimeweka mlango. Agizo la Jumuiya ya Ulaya la mwaka 1991 liliruhusu kuichambua programu ikiwa hapana njia nyingine ya kupata habari zinazohitajika ili programu nyingine iliyoandikwa kwa kujitegemea ishirikiane nayo, na mkataba hauwezi kuiondoa ruhusa hiyo. Nchini Marekani, mahakama ya rufani iliamua mwaka 1992, katika kesi ya Sega na Accolade, kwamba kuichambua programu kwa lengo la kushirikiana nayo kwaweza kuwa matumizi ya haki. Karibu nasi, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo inaruhusu uchambuzi wa aina hiyo.

Ua wa tatu, na ndio mrefu kuliko yote, ni hataza, yaani hati ya uvumbuzi. Hataza hulinda njia yenyewe ya kutenda, hata kama mtu mwingine ameigundua peke yake bila kuona kazi ya wa kwanza. Muda wake kwa kawaida ni miaka 20 tangu ombi lilipopelekwa. Hapa ndipo hila ile ya majina marefu ilipoingia katika historia ya sheria.

Kisa cha majina marefu

Microsoft ilipata hataza za Marekani juu ya kuhifadhi jina fupi na jina refu kwa pamoja, mojawapo mwaka 1996 na nyingine mwaka 1998. Kwa miaka kadhaa watu hawakusikia neno. Katika muda huo mfumo wa FAT ulienea katika kamera, simu, redio za magari na kadi za kumbukumbu, mpaka ikawa hapana kifaa kidogo kinachoweza kuuzwa bila kuufahamu. Ndipo Desemba 2003 kampuni ikatangaza ada: senti 25 za dola ya Marekani kwa kila kifaa, na isizidi jumla ya dola 250,000 kwa kila mtengenezaji.

Tuifanyie ada hiyo hesabu. Kikomo cha dola 250,000 hufikiwa baada ya vifaa 1,000,000. Mtengenezaji wa vifaa 10,000 hulipa senti 25 kwa kila kimoja. Mtengenezaji wa vifaa 10,000,000 hulipa senti mbili na nusu tu. Mkubwa anapunguziwa mzigo, na mdogo anaubeba wote. Na yule anayegawa programu bure, ambaye hajui nakala ngapi zimenakiliwa na nani, hana hata njia ya kuhesabu.

Huyo wa mwisho si mtu wa kufikirika. Mfumo endeshi wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hutolewa kwa leseni iitwayo GPL, toleo la pili. Leseni hiyo inasema kwamba ikiwa hataza ya mtu mwingine inakuzuia kuigawa programu kwa masharti yale yale ya uhuru, basi usiigawe kabisa. Kwa hiyo ada hata ya senti moja kwa kila nakala ni ukuta kwa mfumo wa namna hii.

Hataza yenyewe haikukubaliwa na wote. Mwaka 2004 taasisi moja ya umma iliipinga mbele ya ofisi ya hataza ya Marekani. Kwanza ofisi hiyo ilielekea kuitengua, lakini mwaka 2006 ikaithibitisha. Nchini Ujerumani, mahakama ya hataza iliibatilisha hataza ya namna hiyo mwaka 2007, na mahakama ya juu ikautengua uamuzi huo mwaka 2010. Wataalamu wa nchi mbili zilizoendelea walibishana miaka mingi kama hila ile ilistahili kuitwa uvumbuzi, na muda wote huo mtengenezaji mdogo hakujua kama yu halali au ni mkosaji.

Mwezi wa Februari 2009 Microsoft iliishtaki TomTom, kampuni ya Uholanzi itengenezayo vifaa vya kuonyesha njia magarini, ambavyo vilitumia Linux. Madai yalihusu hataza 8, baadhi zikiwa hizo za majina marefu. Kesi haikufika hukumu. Tarehe 30 Machi mwaka huo huo pande mbili zilipatana: TomTom ilikubali kulipa, na kuondoa katika bidhaa zake, kwa muda wa miaka miwili, sehemu zilizohusu hataza hizo za majina. Miezi michache baadaye Andrew Tridgell, mtaalamu wa Australia, aliandika marekebisho ya Linux ili isihifadhi majina mawili kwa pamoja, akiyajaza mahali pa jina fupi herufi zisizo jina. Tazama basi jinsi akili ya mtaalamu hodari ilivyotumika: kutafuta njia ya kufanya kazi ile ile kwa namna mbaya kidogo, ili tu asivuke mpaka wa hataza.

Kadi kubwa na sharti lisiloepukika

Kisa cha pili kina uzito zaidi. FAT ya kawaida haiwezi kuhifadhi faili linalofikia gigabaiti 4, na filamu za siku hizi hupita hapo kwa urahisi. Microsoft ilitoa mfumo mpya, exFAT, mwaka 2006. Mwezi wa Januari 2009 umoja wa watengenezaji wa kadi za kumbukumbu ulitangaza kipimo cha kadi zinazozidi gigabaiti 32, na ukauchagua exFAT kuwa mfumo wa kadi hizo. Tangu hapo kila kamera iliyotaka kusoma kadi kubwa ililazimika kufuata mfumo uliokuwa na mwenyewe, na muundo wake kamili haukutangazwa kwa umma. Wataalamu wa kujitolea waliuchunguza wakaandika programu yao, lakini wagawaji wengi wa Linux waliogopa kuitia katika mifumo yao.

Hali hiyo ilidumu miaka kumi. Mwezi wa Oktoba 2018 Microsoft ilijiunga na umoja wa makampuni yaliyoahidiana kutoshtakiana kwa ajili ya Linux, na tarehe 28 Agosti 2019 ikatangaza muundo wa exFAT na kuunga mkono uingizwe katika Linux. Mwaka 2020 Linux ikapata programu nzuri ya exFAT, iliyoandikwa na wahandisi wa Samsung. Kampuni haikufa kwa kuufungua mlango huo. Lakini mlango ulifunguliwa kwa hiari yake, na kwa saa aliyoichagua yeye mwenyewe. Haki itegemeayo hisani ya mwenye nguvu haijawa haki bado.

Uhuru nao una masharti

Tusidhani kwamba kikwazo hutoka kwa makampuni yafichayo tu. Mfumo wa ZFS, uliobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems, ni miongoni mwa mifumo bora ya kulinda habari zisiharibike. Mwaka 2005 Sun iliutangaza msimbo wake kwa leseni huru iitwayo CDDL. Leseni hiyo ni huru, na leseni ya Linux ni huru, lakini ya Linux inadai kwamba kazi yote ya pamoja ifuate masharti yake, na CDDL inadai kwamba msimbo wake ubaki chini ya masharti yake yenyewe. Ubuntu ilipoitia ZFS katika toleo lake la mwaka 2016, wanasheria walitofautiana: wengine wakasema leseni imevunjwa, wengine wakaona njia ya kuwapatanisha wawili hao. Mwaka 2020 Torvalds mwenyewe alisema hataipokea ZFS, akihofia tabia ya kushtaki ya Oracle, kampuni iliyoinunua Sun mwaka 2010. Hapa hapana fundi aliyeshindwa. Kilichoshindwa ni maneno ya karatasi mbili. Funzo lake kwa wanafunzi ni kwamba leseni isomwe kabla ya programu kuandikwa.

Hoja ya upande wa pili

Wako watakaosema: bila hataza, nani atatumia fedha zake kuvumbua? Hoja hii ni ya heshima na inastahili jibu. Katika dawa au mitambo, ambako utafiti hugharimu fedha nyingi, mvumbuzi anahitaji muda wa kurudisha gharama zake. Lakini tuitazame tena hila ile ya majina marefu. Ilihitajika kwa sababu moja tu, yaani kuzipatanisha programu mpya na za zamani za kampuni ile ile. Mwenye kamera aliyelipa senti 25 hakulipia ubora wake; angeweza kubuni mpango ulio bora zaidi kwa wiki moja. Alilipa kwa sababu kompyuta ya mteja wake isingeusoma mpango mwingine wowote. Thamani yote ya hataza ilitokana na wingi wa watumiaji, na wingi huo haukuvumbuliwa na mtu. Ni mfano wa mtu anayedai kodi ya alfabeti kwa kuwa kila mtu amekwisha jifunza kusoma kwayo.

Kwa hiyo naona mpaka wa haki uwe hivi. Maandishi ya programu yalindwe kikamilifu. Uvumbuzi wa kweli ndani ya mashine ulindwe pia, kwa muda. Lakini muundo ambao ni sharti uufuate ili usome habari zako mwenyewe, au ushirikiane na mashine ya mwenzako, usiwe mali ya mtu. Na umoja wowote unaotangaza kipimo cha wote usikubali kutia ndani yake hataza isiyotolewa bure.

Yatupasayo sisi

Msomaji aweza kuuliza: mashauri haya ya Marekani na Ulaya yatuhusu nini? Kwanza, hataza ina nguvu katika nchi ilimotolewa tu. Hataza ya Marekani haimzuii kijana wa Mbeya au Kisumu kuandika programu yake. Lakini simu, kamera na kadi tunazozinunua zimetengenezwa kwa ajili ya masoko hayo makubwa, na gharama pamoja na vikwazo vyake hutufikia ndani ya boksi.

Pili, tungali na nafasi ya kuchagua. Chini ya mkataba wa TRIPS, nchi zenye maendeleo duni kabisa, zikiwemo Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, zimepewa muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kutimiza sehemu kubwa ya masharti yake. Muda huo usipite tukiwa tumelala. Watunga sheria wetu waandike waziwazi kwamba ni ruhusa kuichambua programu ili ishirikiane na nyingine, na kwamba muundo wa mafaili haumilikiwi.

Tatu, ofisi za umma zinaponunua mashine na programu, ziulize swali moja kabla ya bei: je, muundo wa kuhifadhia habari umetangazwa, na ni halali kwa mtu yeyote kuandika programu ya kuusoma? Kumbukumbu za ardhi, za vizazi na za mitihani hudumu kuliko kampuni yoyote. Sun, iliyokuwa kampuni kubwa ya kompyuta, leo ni jina katika vitabu.

Nne, na hili nawaambia walimu hasa. Wanafunzi wanaonijia chuoni wengi wanajua kubofya na kufungua, lakini ni wachache waliowahi kuziangalia baiti za diski. Mwalimu mwenye kompyuta moja na flashi ya zamani aweza kuwaonyesha jedwali la FAT likiwa limepangwa mstari kwa mstari, na kuwataka waandike programu fupi ya kuorodhesha majina. Hataza zile za majina marefu muda wake umekwisha. Elimu hiyo ni mali ya wote sasa. Watakapoyatafuta majina yao wenyewe katika tarakimu zile na kuyakuta, wataelewa kwamba daftari la ghala liliandikwa na watu kama wao, na kwamba hata wao wanaweza kuliandika.

Ruhusa ya sheria peke yake haitoshi kwa taifa lisilo na watu wa kuitumia. Vivyo hivyo, watu hodari bila ruhusa watabaki kutafuta vichochoro kama tulivyoona. Tuyajenge yote mawili kwa pamoja: sheria bungeni, na maarifa darasani.